Je, Aliyelala Ana Hatia?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula uliopita chama chetu cha midahalo kilipewa hoja hii: "Dereva aliyeshikwa na usingizi akasababisha ajali hana hatia, kwa kuwa mtu aliyelala hajui alitendalo." Mimi nilisimama upande wa kuitetea. Waliokuwapo ukumbini Ijumaa ile watakumbuka kwamba nilisema kwa nguvu nyingi, pengine nyingi kuliko akili, na kwamba upande wetu ulishinda. Nilisema kuwa usingizi hauagizwi wala haufukuzwi. Nilisema kuwa aliyelala ni sawa na maiti, na maiti hapelekwi mahakamani. Tena nilisema kuwa hata bawabu wa lango letu hushikwa na usingizi ijapokuwa analipwa kwa kukesha, na hapo watu wakacheka sana, na nadhani ni kicheko kile kilichotupa kura.

Jambo ambalo halikujulikana ukumbini ni kwamba siku zile mjomba wangu, ambaye ni dereva wa lori, alikuwa akingoja kesi yake. Alikuwa amesinzia kwenye usukani na kumwumiza mtu. Mimi sikuwa natetea hoja ya chama. Nilikuwa namtetea yeye.

Baada ya mdahalo mwalimu wetu wa historia aliniita kando. Aliniambia kuwa nimeshinda kwa kura lakini nimeshindwa kwa hoja, maana swali nililoliuliza lilikwisha jibiwa na mahakama zamani sana, kabla ya baba yangu kuzaliwa. Kisha akanipa karatasi za kusoma wakati wa likizo. Haya niandikayo ni yale niliyoyapata katika karatasi hizo, pamoja na yale niliyoyasikia kwa masikio yangu mahakamani.

Yafaa kwanza nieleze kwa nini naanza na Uingereza wala si hapa kwetu. Sheria yetu ya Trafiki, ambayo ni Sura ya 403 ya sheria za Kenya, ilianza kutumika mwaka 1954, wakati wa utawala wa Waingereza, na mengi katika maneno yake yalitoka kwao. Kwa sababu hiyo mahakimu wetu wamezoea kuzisoma hukumu za huko. Si lazima wazifuate, lakini huzisikiliza kama mtu amsikilizavyo kaka yake mkubwa.

Mwaka 1945 ililetwa mbele ya mahakama kuu ya Uingereza kesi ijulikanayo kwa majina ya pande zake mbili, Kay na Butterworth. Mtu mmoja alikuwa amefanya kazi usiku kucha, na asubuhi akawa anarudi nyumbani kwa gari lake. Njiani usingizi ukamshika, na gari likawaingia kwa nyuma askari waliokuwa wakienda kwa miguu katika safu. Mahakimu wa kwanza walimwachilia. Waliona, kama nilivyoona mimi, kuwa mtu hawezi kuhukumiwa kwa jambo alilolitenda hali amelala. Lakini majaji wa juu walikataa. Walisema kuwa ni kweli, dereva hawezi kulaumiwa kwa yale anayoyafanya akiwa hana fahamu, ikiwa fahamu zimempotea bila kosa lake, kwa mfano akipigwa na jiwe au akipatwa na ugonjwa wa ghafula. Dereva anayeruhusu usingizi umshinde angali akiendesha ni mtu mwingine kabisa. Huyo alikuwa na wajibu wa kusimamisha gari kabla usingizi haujamfikia, na asipofanya hivyo ana hatia walau ya kuendesha gari bila uangalifu.

Niliposoma maneno hayo nilikaa kimya kidogo. Mimi katika mdahalo nilikuwa nimezungumza juu ya dakika ile tu ambayo macho yamefumba. Majaji hawakuitazama dakika hiyo hata kidogo. Walirudi nyuma wakaitazama ile iliyotangulia, wakati macho yalipokuwa mazito lakini bado yanaona. Wakauliza: hapo, huyu mtu alifanya nini?

Sisi tunaolala bwenini twaijua sana dakika hiyo. Nani kati yetu, katika masomo ya usiku, hajapata kusoma mstari mmoja mara tatu asijue umesema nini? Kichwa chateremka, chashtuka, chateremka tena. Kalamu yachora mstari mrefu usiokusudiwa katikati ya daftari. Hakuna aliyelala mezani bila kwanza kupita katika mambo haya. Usingizi hauji kama jiwe lililotupwa. Hubisha hodi, tena zaidi ya mara moja. Basi sheria humwuliza dereva juu ya zile hodi.

Kesi ya pili niliyopewa ni ya mwaka 1958, iitwayo Hill na Baxter. Dereva wa gari dogo la mizigo alipita pale palipomtaka asimame, katika mji wa Brighton, akagonga gari jingine. Alidai kuwa alipotewa na fahamu na hakumbuki lolote. Majaji walisema kuwa haitoshi mtu kusema tu kwamba hakumbuki. Lazima alete ushahidi wa ugonjwa au wa jambo fulani lililomwondolea fahamu. Humo ndimo unamotajwa mfano ambao wanafunzi wa sheria hawausahau, wa dereva anayevamiwa na kundi la nyuki ndani ya gari. Mtu huyo mikono yake yarukaruka yenyewe, na gari likienda kombo hatuwezi kusema kuwa yeye ndiye aliyeliendesha. Lakini usingizi, walisema, hauingii katika hesabu moja na nyuki.

Hizo zilikuwa kesi ndogo, za askari waliogongwa na magari yaliyobonyea. Kesi kubwa ambayo ulimwengu wote ulizijua habari zake ilikuja baadaye, nayo yastahili kuelezwa kwa kirefu.

Tarehe 28 Februari 2001, kabla ya mapambazuko, mtu mmoja alikuwa akisafiri kutoka Lincolnshire kwenda Wigan kwa Land Rover iliyokuwa ikivuta trela lenye gari jingine juu yake. Usiku huo hakuwa amelala. Alikuwa amezungumza kwa simu muda wa saa 5 hivi na mwanamke waliyejuana kwa intaneti. Karibu na kijiji cha Great Heck, kabla tu ya daraja ambalo barabara kuu ya M62 hupita juu ya reli, gari lake liliacha barabara, likateremka majanini, likasimama juu ya reli chini ya daraja. Yeye mwenyewe hakuumia. Akatoka, akawapigia simu watu wa msaada kuwaarifu kuwa gari lake liko relini. Alikuwa bado anazungumza nao wakati gari la moshi la abiria, lililokuwa likitoka Newcastle kwenda London, lilipoigonga Land Rover ile. Ilikuwa saa 12 na dakika 13 asubuhi. Gari la moshi lilitoka njiani lakini likaendelea mbele likiwa wima, na pengine watu wengi wangaliokoka. Ila kutoka upande wa pili lilikuwa linakuja gari la moshi la makaa ya mawe, na hayo mawili yakakutana. Walikufa watu 10, yaani abiria 6 na wafanyakazi wa reli 4, na miongoni mwao madereva wa magari yote mawili ya moshi. Waliojeruhiwa walizidi 80.

Mahakamani Leeds mshtakiwa alikana kwamba alisinzia. Alisema kuwa hakuwa na usingizi na kwamba gari liliharibika. Basi wapelelezi walifanya kazi ambayo naiona kuwa ya ajabu: walikusanya vipande vya Land Rover iliyosagwa na gari la moshi, wakaiunga upya, kipande kwa kipande, wakaonyesha kuwa haikuwa na ubovu wa namna iliyodaiwa. Na juu ya usiku ule, kampuni ya simu ilikuwa na kumbukumbu za saa zote ambazo aliongea. Desemba 2001 raia 12 waliochaguliwa kuamua kesi walimwona ana hatia ya kusababisha vifo 10 kwa kuendesha gari kwa hatari, na Januari 2002 alihukumiwa kifungo cha miaka 5.

Angalia, msomaji, kwamba mtu huyu hakuwa amelewa. Hakuwa mwizi wala mtu mwenye chuki na mtu yeyote. Wako watu waliosema wakati ule kuwa ni bahati mbaya tu, na kwamba kama angeliacha barabara mita chache kabla au baada ya pale, angelipata gari lililopasuka taa na basi. Jambo hilo ni kweli. Lakini kuwapo kwa reli pale hakukuwa kosa la abiria wale, na kuanza safari ndefu bila kulala kulikuwa ni uamuzi wake, alioufanya akiwa macho, jikoni mwake, huku funguo ziko mkononi.

Kwa nini sheria imekuwa kali hivi juu ya usingizi? Sehemu ya jibu ni hesabu ambayo kila mtu wa Kidato cha Pili aweza kuifanya. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila nukta moja. Dereva akisinzia nukta 4 tu, gari limekwenda karibu mita 90 bila mwenyewe, nazo ni sawa na kuvuka uwanja wetu wa mpira kutoka goli hadi goli. Tena mlevi hupiga breki akiwa amechelewa, lakini aliyelala hapigi kabisa. Ndiyo maana polisi, wakifika mahali pa ajali, hutazama kwanza kama kuna alama za magurudumu barabarani. Kutokuwapo kwake ni ushahidi.

Sehemu ya pili ni elimu ya mwili. Mwaka 1997 wataalamu wawili wa Australia walitangaza majaribio waliyoyafanya kwa kuwapima watu wale wale mara mbili, mara moja wakiwa wamekeshwa na mara nyingine wakiwa wamenyweshwa kileo. Waliona kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi ya macho na mikono sawasawa na mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu yake, kiwango ambacho nchi nyingi huwakataza madereva. Akifika saa 24 huwa kama mwenye asilimia 0.10. Mwili wenyewe nao una saa zake, na saa mbaya kabisa ni kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri. Ziko na nyingine kidogo mchana baada ya chakula, jambo ambalo walimu wanaotufundisha kipindi cha saa 8 wanalijua bila kuambiwa na wataalamu.

Sasa niseme kidogo juu ya ndugu wa usingizi, yaani dereva aliye macho lakini macho yake yako mahali pengine. Huyu kesi yake ni nyepesi zaidi, na sioni haja ya kuikalia. Aliyesinzia aweza kusema kuwa hakutaka, lakini aliyeshika simu aliichukua kwa mkono wake. Mwezi Agosti 2016, katika barabara ya A34 huko Uingereza, dereva wa lori alikuwa akitafuta muziki katika simu yake. Kamera iliyokuwa ndani ya lori ilionyesha kuwa hakutazama barabara kwa nukta kama 7. Mbele yake magari yalikuwa yamepunguza mwendo. Mama mmoja na watoto watatu waliuawa. Kilichonishangaza ni kwamba muda mfupi kabla ya ajali alikuwa ametia sahihi karatasi ya mwajiri wake, kuahidi kwamba hatatumia simu akiendesha. Alifungwa miaka 10.

Hata hivyo, sheria ya simu imekuwa na tundu zake. Uingereza ilikataza simu ya mkononi kwenye usukani tangu Desemba 2003, lakini maneno ya sheria yalizungumza juu ya mawasiliano. Mwaka 2019 dereva aliyekamatwa akipiga picha za ajali kwa simu huku anaendesha alishinda kesi, kwa hoja kwamba kupiga picha si kuwasiliana na mtu. Majaji hawakumsifu, walisema kuwa huenda ana kosa jingine la kuendesha bila uangalifu, lakini si hilo aliloshtakiwa. Mwaka 2022 maneno yakabadilishwa, ikawa kosa kuishika na kuitumia simu kwa jambo lolote. Hapa Kenya kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 ziliweka faini ya Sh. 2,000 kwa dereva atumiaye simu gari likiwa mwendoni. Mimi naiona kuwa ndogo mno. Ziko simu ambazo bei ya kifuniko chake yazidi hapo.

Nairudia sasa habari ya mjomba, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Mjomba aliamka Jumatatu saa 10 alfajiri ili awahi bandarini Mombasa kuchukua kontena. Alikuta foleni ya malori. Akangoja asubuhi, akangoja mchana, akangoja jioni, mara akisogea urefu wa lori moja, mara akisimama saa nzima. Hakuthubutu kulala maana foleni ikisogea nawe hukusogea, wa nyuma hukupita. Kontena aliipata saa 6 usiku. Mwenye lori alimpigia simu mara mbili kumwambia kuwa mzigo unangojwa Nairobi na usichelewe. Saa 7 usiku mjomba akaondoka. Alipimwa mizani Mariakani, akaendelea. Saa 11 kasorobo alfajiri, mbele ya Maungu, lori lake likatoka njiani upande wa kushoto. Pale pembeni palikuwa na lori jingine lililopata pancha, na utingo wake, kijana wa miaka 22, alikuwa amechuchumaa akifungua nati za gurudumu. Mungu alimnusuru asife, lakini mguu ulivunjika mahali pawili na mpaka leo anatembea kwa mkongojo.

Mjomba alishtakiwa kwa kuendesha gari bila uangalifu unaostahili. Kama kijana yule angekufa, mashtaka yangeliweza kuwa ya kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki, ambacho adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 10. Kati ya kosa lile na hili hapakuwa na tofauti yoyote katika matendo ya mjomba. Tofauti ilikuwa mahali lori lilipopita, nusu mita huku au kule. Jambo hili limenisumbua sana, nami bado sijaona kama ni haki au si haki.

Nilikwenda mahakamani na mama wakati wa likizo. Mjomba alikuwa amevaa koti la baba yangu. Alisomewa mashtaka akakubali. Hakimu, mama wa makamo aliyesema polepole, angeweza kutoa hukumu papo hapo, lakini alimpa nafasi ya kujieleza. Mjomba akaeleza yote: foleni, simu, giza. Akasema kuwa alipigana na usingizi kadiri alivyoweza, kwamba alifungua dirisha, akajimwagia maji kichwani, akaiongeza redio sauti, akaimba. Nilipoyasikia hayo nilitikisa kichwa kwa kukubali, maana nilidhani kuwa anajitetea vizuri. Ndiyo maneno yale yale niliyoyatumia mimi katika mdahalo.

Hakimu akamwuliza swali moja: "Ulianza kujimwagia maji ulipofika wapi?"

Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Mackinnon Road, Mheshimiwa."

Kutoka Mackinnon Road mpaka Maungu zapita kilomita zaidi ya 30. Hakimu aliandika, na mimi nikaelewa maana ya zile karatasi za mwalimu kuliko nilipozisoma. Kila alichokitaja mjomba kama juhudi yake kilikuwa ni ushahidi kuwa alijua. Mtu hajimwagii maji kichwani alfajiri kwa kuwa ana kiu. Angeliweza kusema kwamba usingizi ulimjia ghafula, na hapana mtu ambaye angelimkanusha, maana hakuna chombo cha kupima usingizi kama kile cha kupima pombe. Hukumu yake ilitoka katika ukweli wake mwenyewe. Nilipomwuliza baadaye kwa nini hakusema vingine, aliniambia, "Mwanangu, yule kijana alikuwa ameketi benchi la nyuma yangu. Nilisikia mkongojo wake."

Alitozwa faini, ambayo ilituondolea ng'ombe wawili wa babu.

Lakini liko jambo ambalo hakimu hakuulizwa, nami naliuliza hapa. Mwaka 2012 Sheria yetu ya Trafiki iliongezewa kifungu kisemacho kwamba dereva wa gari la abiria au la biashara asiendeshe zaidi ya jumla ya saa 8 katika muda wa saa 24. Ni kifungu kizuri. Hebu basi tumpime mjomba kwa kifungu hicho. Aliendesha kutoka saa 7 usiku mpaka saa 11 kasorobo, tena toa muda wa mizani. Hazitimii hata saa 4. Kwa kifungu hicho alikuwa ametumia nusu tu ya saa zake, na mwenye lori hakuvunja sheria kumtuma. Lakini kwa hesabu ya mwili alikuwa macho karibu saa 25. Sheria yahesabu saa za usukani. Usingizi wahesabu saa za kukesha, na saa za foleni hazimo katika hesabu ya kwanza.

Wenzetu wengine wamejaribu kuhesabu kwa njia nyingine. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dereva wa lori kubwa hawekewi mpaka wa kuendesha peke yake, yaani saa 9 kwa siku kwa kawaida. Hutakiwa pia apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa 4 na nusu, na kila siku apate mapumziko ya saa 11 kwa kawaida. Ndani ya lori mna chombo kiitwacho takografu, ambacho chanakili saa hizo zote, na polisi aweza kukisoma barabarani.

Katika jimbo la New Jersey, Marekani, walifika mbali zaidi. Mwaka 1997 mwanafunzi wa chuo, msichana wa miaka 20 jina lake Maggie, aliuawa na dereva aliyekuwa hajalala muda wa saa 30. Sheria ya jimbo haikuwa na neno lolote juu ya usingizi, na mwishowe dereva alitoka na faini ya dola 200 na kifungo kilichoahirishwa. Mama yake Maggie hakuridhika, akawaendea watunga sheria mpaka wakamsikiliza. Mwaka 2003 ikapitishwa sheria iitwayo kwa jina la binti yake. Yasema kwamba dereva aliyeua, hali anajua kuwa hajalala kwa zaidi ya saa 24, aweza kuhesabiwa kuwa aliendesha kwa kutojali maisha ya watu. Jimbo la Arkansas lilitunga ya namna hiyo mwaka 2013. Wako wanaoipinga kwa kusema kuwa ni vigumu kuthibitisha saa ambazo mtu hakulala, na kwamba aliyekesha saa 23 atajiona yuko salama. Hoja hizo zina uzito. Lakini sheria hiyo, kama kijana yule angekufa, ingalimwona mjomba, na kifungu chetu cha saa 8 hakikumwona.

Nilimwuliza mwalimu kama mwenye lori hana lawama yoyote. Alinijibu kuwa yako mashauri ya aina mbili. Katika shauri la jinai, ambalo ni la serikali na mkosaji, aliyeshikwa ni yule ambaye mikono yake ilikuwa kwenye usukani. Katika shauri la madai, ambalo ni la mtu aliyeumia akidai fidia, mwajiri hujibu kwa kosa la mtumishi wake alilolitenda akiwa kazini, hata kama mwajiri mwenyewe alikuwa amelala kitandani kwake usiku huo. Ndiyo sababu pia Sura ya 405 yalazimisha kila gari liwe na bima ya kuwalipa watu wengine watakaoumizwa nalo. Wakili wa yule kijana amewashtaki wote wawili, mjomba na mwenye lori, na humo ndimo yale mazungumzo mawili ya simu yatakapoulizwa kwa mara ya kwanza.

Mjomba ameniambia kuwa atayaeleza. Hajapata kazi nyingine ya udereva, na mwenye lori amempelekea ujumbe kuwa akumbuke nani alimlipia wakili wa kwanza. Shauri litasikizwa mwezi ujao, nasi tutakuwa shuleni. Mwenyekiti wa chama cha midahalo amekubali kuileta tena hoja ya usingizi muhula huu, na nimemwomba aongeze maneno mawili mwishoni mwake, "na mwajiri." Safari hii nimeomba kusimama upande wa kuipinga.